Malisho Yako Yamo Kwenye Ramani?

Ndugu mfugaji, vipeperushi vyetu vingi huzungumzia kupe, chanjo na chakula cha ng'ombe wa maziwa. Hiki kinazungumzia ramani. Hakuna chanjo ya kumkinga ng'ombe na kukosa pa kula, na hapa Unguja siku hizi pa kula panaamuliwa kwanza kwenye karatasi, miaka mingi kabla ya katapila kufika. Aliyejua mapema karatasi inasema nini ana muda wa kusema neno lake. Asiyejua hutoka asubuhi na kamba mkononi akakuta bikoni zimeshachimbiwa.

Kisomeni nyumbani pamoja, mama, baba na vijana. Mara nyingi anayejua vizuri njia ya mifugo ni kijana anayewapeleka, na anayejua kisima gani hakikauki ni mama anayeteka maji.

MPANGO WA MATUMIZI YA ARDHI NI NINI?

Ni uamuzi unaosema kila kipande cha ardhi kitumike kwa kazi gani kwa miaka ijayo: hapa makaazi, hapa kilimo, hapa hoteli, hapa barabara, hapa msitu usiguswe. Uamuzi huo huandikwa na kuchorwa kwenye ramani yenye rangi, na pembeni mwa ramani huwa pana maelezo ya kila rangi.

Rangi hizo ndizo zinazoongoza kazi za baadaye. Mtu akiomba kibali cha kujenga, ramani huangaliwa. Barabara, bomba la maji, nguzo za umeme, soko, jaa la taka na machinjio, vyote hutafutiwa nafasi humo. Kwa hiyo mahali palipopakwa rangi ya makaazi patajaa nyumba, hata kama leo ni majani matupu na ng'ombe wako watatu wamefungwa hapo.

Mambo haya si mapya kwetu. Mji wa Zanzibar ulichorewa mpango mwaka 1923 na Mwingereza Lanchester. Mwaka 1958 ukaja mpango wa Kendall, mwaka 1968 wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, wakati wa majumba ya Michenzani, na mwaka 1982 wa wataalamu wa Kichina. Mipango hiyo minne iliuhusu mji, na mfugaji wa Cheju au Makunduchi hakuwa na sababu kubwa ya kuijali. Mwaka 1995 ukaja Mpango wa Taifa wa Matumizi ya Ardhi, unaotazama visiwa vizima. Tangu hapo konde, uwanda na bonde lako navyo vina rangi yake.

KWA NINI MJI UNAKUJA UPANDE WAKO?

Mji Mkongwe umekaa kwenye ncha iliyozungukwa na bahari, na majumba yake yanalindwa. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985, mpango wake wa hifadhi ulitayarishwa mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Hilo ni jema, lakini maana yake ni kwamba watu wanaoongezeka hawawezi kuongezewa nyumba humo. Mji ulivuka Darajani ukaingia Ng'ambo. Ng'ambo ikajaa, mji ukashika njia ya Mwanakwerekwe, Fuoni, Tomondo, Chukwani na Bububu, mahali ambapo wazee wetu wanapakumbuka kwa minazi na mihogo.

Hesabu ya watu inaonyesha kasi yenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 893,169. Ndani ya miaka 10 waliongezeka karibu watu 300,000 katika mkoa mmoja, na kila mmoja wao anataka pa kulala. Haki hiyo hakuna wa kuwanyima. Suali letu ni jingine: nyumba hizo zikiwekwa, malisho na maji ya mifugo navyo vimewekwa wapi?

RAMANI HUTANGULIA, NYUMBA HUFUATA

Tazama Fumba. Mwaka 1992 Serikali ilitangaza Fumba kuwa eneo huru la kiuchumi. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mpita njia aliona maweni, vichaka, makonde na bahari. Mwaka 2015 ujenzi wa mji mpya ukaanza, na leo pana majumba ya ghorofa. Baina ya tangazo na msingi wa nyumba ilipita miaka 23.

Mfano huu una mafunzo mawili. La kwanza: ukiona ardhi imekaa kimya miaka kumi au ishirini, usidhani kwamba haina mpango. La pili: miaka hiyo ya kimya ndiyo miaka ya kuzungumza. Mpango ukiwa bado rasimu, kuisogeza barabara kidogo ili kisima kisalimike ni kazi ya penseli na raba. Viwanja vikishapimwa na watu wakishapewa hati, kuisogeza barabara hiyo hiyo ni kesi na fidia.

KWA NINI MALISHO HAYAONEKANI?

Tangu mwaka 2016 droni zimekuwa zikirushwa juu ya visiwa vyetu kupiga picha za kutengenezea ramani mpya, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wamo miongoni mwa waliozirusha. Picha hizo ni nzuri. Zinaonyesha paa la nyumba, mnazi mmoja mmoja, hata ukuta wa kiwanja. Lakini hazionyeshi kwamba kijia fulani ndicho ng'ombe wa viambo vitatu wanachopitia kwenda majini. Hazionyeshi kwamba bonde fulani ndilo pekee lenye majani mabichi mwezi wa Februari, wakati kaskazi imekausha kila kitu. Mpangaji aliyekaa afisini akitazama picha hiyo ataona ardhi tupu, na ardhi tupu hupangiwa kazi.

Sheria nayo haitusaidii sana tukinyamaza. Kwa Sheria ya Ardhi ya Zanzibar, Namba 12 ya 1992, ardhi yote ni ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Miti inaweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi iliyoota. Kwa hiyo wakati wa fidia vitu vinavyohesabika ni nyumba, minazi, mikarafuu, miembe na mazao. Majani yaliyoota wenyewe hayana jina la mtu.

Tuseme una ng'ombe wanne na mbuzi sita. Unawafunga kwenye uwanda kwa ruhusa ya jirani, kama alivyofanya baba yako. Jirani ana minazi ishirini hapo hapo. Mradi ukija, jirani atahesabiwa minazi yake ishirini. Wewe uliyelisha hapo miaka thelathini hutahesabiwa hata kamba. Asikulaumu mtu kwa kutumia ruhusa ya jirani, ndivyo Unguja tulivyofuga siku zote. Lakini ruhusa ya mdomo haionekani kwenye ramani mpaka watu waiseme kwa pamoja na iandikwe.

Tukumbuke pia kwamba baadhi ya ardhi hii tuliipata kwa jasho. Zamani mbung'o walileta nagana, hasa karibu na misitu kama Jozani, na ng'ombe hawakustawi huko. Serikali, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ilifuga mbung'o madume, ikawahasi kwa mionzi na kuwaachia kwa ndege, ili majike wasizae. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena. Ilichukua miaka na fedha nyingi kumrudisha ng'ombe salama katika sehemu hizo. Ardhi hiyo hiyo inaweza kututoka kwa mstari mmoja wa kalamu, bila hata mtu kuwa na nia mbaya.

NANI ANAPANGA, NA MLANGO UKO WAPI?

Ramani kubwa ni kazi ya Idara ya Mipango Miji na Vijiji, iliyo chini ya wizara inayoshughulikia ardhi. Halmashauri za wilaya na mabaraza ya manispaa, yanayofanya kazi kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014, hupanga maendeleo ya maeneo yao na hutunga sheria ndogo, zikiwemo zile za mifugo inayozurura. Diwani wa wadi yako anakaa katika kikao hicho. Chini kabisa yupo sheha na kamati yake ya ushauri, na hapo ndipo mlango wako wa kwanza, kwa sababu wataalamu wanapokuja kukusanya taarifa huanzia kwa sheha. Akiwa hana lolote lililoandikwa kuhusu mifugo, hana la kuwaonyesha.

Kwamba wapangaji husikiliza wakiambiwa, upo mfano wa karibu. Katika mpango unaoitwa Ng'ambo Tuitakayo, Idara hiyo ilishirikiana na Mji wa Amsterdam wa Uholanzi kuipangia upya Ng'ambo. Wakaazi waliulizwa kuhusu sehemu wanazozithamini na shughuli zinazofanyika humo, na mambo hayo yakaingia katika kazi ya ramani pamoja na majengo. Ikiwa mahali pa watu kukutana mjini panaweza kuchorwa, njia ya ng'ombe shamba nayo inaweza.

Mfano mwengine uko Tanzania Bara, wilayani Kiteto, Mkoa wa Manyara. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikuwa vikitumia malisho na maji kwa pamoja, huku kila kijiji kina mipaka yake. Vikakaa, vikafanya mpango mmoja wa matumizi ya ardhi, na malisho ya pamoja yakapewa jina la OLENGAPA, lililotokana na majina ya vijiji vyote vitatu. Wenzetu wale wana ardhi kubwa na sheria yao ni nyengine, maana mambo ya ardhi Zanzibar yana sheria zake. Lakini njia waliyopita ni ya kuigwa: walikubaliana wao kwanza, kisha wakaiandika.

LA KUFANYA KATIKA SHEHIA YAKO

1. Kaeni wafugaji wote wa shehia, wenye ng'ombe kumi na mwenye mbuzi wawili. Andikeni idadi ya mifugo ya kila nyumba. Msiogope kutaja idadi ya kweli. Mifugo isiyohesabiwa haitengewi ardhi.

2. Chora ramani chini, kwa jivu na mawe. Weka msikiti, skuli na barabara kwanza ili kila mtu ajue alipo. Kisha weka visima, madimbwi, mabonde, njia za mifugo, na mahali pa malisho kwa kila msimu: wakati wa masika mnafunga wapi, wakati wa kipupwe wapi, wakati wa kaskazi wapi. Waiteni mama na vijana waikosoe. Baada ya hapo ihamisheni kwenye karatasi.

3. Tembeeni njia hizo. Kijana mwenye simu inayoonyesha mahali apige picha na kurekodi kila kisima na kila kona ya njia. Penye mgogoro na mwenye konde, mmalizane naye kabla ya kwenda kwa sheha. Ramani yenye ugomvi ndani yake haiendi mbali.

4. Pelekeni ramani na orodha kwa sheha, mkiomba ijadiliwe na kamati na iandikwe katika muhtasari wa kikao. Bakieni na nakala yenye tarehe.

5. Mpeni diwani nakala, na nyengine ipelekeni halmashauri au baraza la manispaa. Ulizeni jambo moja kwa maneno haya: "Shehia yetu imepangiwa matumizi gani, na kuna mpango wowote unaoandaliwa sasa?" Mkiambiwa upo, ulizeni siku ya kutoa maoni.

6. Mkiona watu wanapima, wasalimieni na waulizeni kwa adabu wanapima kwa mpango gani na nani amewatuma. Msing'oe bikoni. Anayeng'oa bikoni hugeuka yeye kuwa kesi, na hoja ya malisho ikasahaulika.

OMBENI KITU KINACHOWEZEKANA

Ukienda kusema "uwanda wote uachwe", utasikilizwa kwa heshima na jambo litaishia hapo. Nenda na mambo machache yanayopimika.

Kwanza, hesabu. Ng'ombe mmoja mwenye uzito wa kilo 300 anahitaji kiasi cha kilo 30 za majani mabichi kwa siku. Akiwa ananyonyesha au anakamuliwa, anahitaji maji lita 40 au zaidi. Shehia yenye ng'ombe 100 inahitaji tani 3 za majani kila siku. Mpangaji anaielewa lugha hii. Ukimwambia "tuna mifugo mingi" hatakuwa na cha kuandika.

Pili, ombeni njia. Njia ya mifugo kutoka viamboni hadi majini inaweza kupita pembeni mwa viwanja vipya ikiwa itachorwa kabla ya viwanja kupimwa. Ikisahaulika, ng'ombe watapita barabarani, na hapo wapo magari, wapo askari wa manispaa na ipo faini.

Tatu, ombeni mabonde yaachwe wazi. Hapa hoja yenu na ya mji ni moja. Bonde lenye majani wakati wa kiangazi ndilo linalopokea maji wakati wa masika. Likijazwa kifusi na kujengwa, ng'ombe wanakosa majani na watu wanalala ndani ya maji. Kila anayepita Mwanakwerekwe wakati wa mvua kubwa anajua maji yakikosa pa kwenda hufanya nini.

Nne, ombeni mahali pa huduma: pa kuogeshea mifugo, pa kuchanjia, pa kukusanyia maziwa. Huduma hizi hazihitaji eneo kubwa, lakini mahali pasipotengwa mapema huwa hapapatikani tena, na sisi maofisa wa mifugo tunabaki kuchanja chini ya muembe wa mtu.

Mkiwa na ushirika uliosajiliwa, ombi lenu lina uzito zaidi, kwa sababu ardhi ya pamoja inahitaji mwenyewe anayejulikana kwa jina.

WAKATI HUO HUO, NYUMBANI

Tuseme kweli: hata mpango mzuri hautarudisha malisho ya zamani katika Wilaya za Magharibi A na Magharibi B. Aliye karibu na mji ajitayarishe kufuga bandani. Panda majani ya tembo au ya Guatemala ukingoni mwa konde. Weka mgliricidia kwenye ua, unalinda kiwanja na unalisha mbuzi. Baada ya mavuno ya mpunga, kusanya mabua kabla hayajaoza, yafunge na uyaweke pakavu. Maganda ya muhogo yaanike juani mpaka yakauke kabla ya kumpa mnyama, kwa sababu mabichi yana sumu. Usimfunge ng'ombe karibu na jaa. Plastiki anayoimeza haitoki, na mara nyingi tunaiona siku ya kumchinja.

Ng'ombe wawili wanaoshiba bandani watakupa maziwa na samadi zaidi kuliko watano wanaozunguka wakitafuta. Lakini hata mfugaji wa bandani anahitaji mahali pa kukata majani, maji ya kunywesha na njia ya kupitisha mkokoteni. Vyote hivyo navyo vinahitaji nafasi kwenye ramani.

Wiki hii fanya jambo moja dogo. Nenda kwa sheha wako, muulize kama shehia ina ramani ya matumizi ya ardhi, na omba kuiona. Tafuta kiambo chako, kisha tafuta kisima na malisho yako. Ukivikuta vimeandikwa, waambie wenzako. Usipovikuta, waite wenzako mkae, na ofisa wa mifugo wa wilaya aitwe katika kikao hicho. Kuhesabu mifugo na kupiga hesabu ya majani na maji ni kazi yetu pia, na haina malipo.